Pazia la Gundi ya Mchele

Nyie mnaonunua pazia likiwa limeshatobolewa matundu ya chuma, mkalipitisha kwenye bomba na kwenda kulala, siwaonei wivu. Nawaonea huruma kidogo. Mimi nimepamba nyumba za watu hapa Kyela tangu miaka ya foleni mpaka goti langu la kulia liliponikatalia kupanda kiti, na muda wote huo sikuwahi kumiliki cherehani. Sindano ninayo moja, ya kutolea miba.

Watu huniuliza, Mama Lusajo, ulipambaje nyumba bila kushona? Nawaambia wakamuulize fundi cherehani wetu wa enzi hizo. Alikuwa na kibaraza chake karibu na soko, mtu mpole kabisa, mwenye kesho nyingi kuliko kalenda. Ulimpelekea kitambaa cha pazia kabla ya Krismasi, akakwambia kesho. Pasaka ikapita, kesho. Masika yakaanza, barabara zikawa mito, akakwambia uzi umekwisha, njoo kesho. Mimi nilichoka na kesho nikajifunza kufunga, kukunja, kubana, kusuka na kubandika. Hata leo, ukinipa shuka moja, kipande cha mwanzi na mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha kazi, nitakupa chumba.

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura, mwenye duka la vitambaa. Alizaliwa pwani huko, akamfuata mume wake mfanyabiashara mpaka kwetu kwenye matope, mume akafariki, yeye akabaki na duka na ulimi wake. Nilianza kwake kama mfagiaji. Miaka ya foleni hapakuwa na cha kufagia zaidi ya vumbi: rafu zilikuwa na chumvi, viberiti, na jora moja la kaki ambalo hakuna aliyelitaka. Khanga ikija, ilikuja kwa uvumi kwanza, na mpaka uifikie dukani wenzako wameshaivaa.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Jamani. Nyie mmezaliwa mitumba ikiwa imelundikwa mpaka mitaroni, hamwezi kujua. Asubuhi moja tulifungua robota mbele ya duka, Bi Zuhura akakata mkanda, na vitambaa vikafumuka kama mkate uliozidishiwa hamira. Mashuka ya maua. Vitambaa vya meza vyenye ndizi na zabibu. Mapazia ya Wazungu, mazito, marefu, ya madirisha ya watu wanaoishi makanisani sijui, maana ya kwetu yalikuwa madirisha ya kuchungulia kuku. Na vitenge navyo vikawa vinavuka Kasumulu kutoka Malawi kwa mafungu, vimefungwa tumboni kwa akina mama waliokwenda wembamba na kurudi wajawazito. Kina mama wa Ndandalo na Ngana wakawa wanakuja siku ya soko, wanasimama mbele ya ule utajiri, wanacheka tu bila sababu. Hata mimi nilicheka. Nilifika nyumbani mashavu yananiuma.

Nikanyakua mkasi, nikaanza na pazia moja jekundu. Bi Zuhura akanipiga mkono kwa ile fimbo yake ya kupimia.

"Usikikate."

"Ni kirefu mno, Bi Zuhura. Dirisha lenyewe dogo."

"Basi kikunje. Wee, kitambaa kizima leo ni pazia, kesho shuka ya mgonjwa, keshokutwa mbeleko. Ukishakikata, kitakuwa hicho ulichokikata mpaka kife. Allah amekupa vidole kumi, vitumie."

Hilo ndilo somo lote. Mengine yote niliyoyajua baadaye yametoka humo, na mkitaka kusimama hapa mkaenda zenu, mmeshapata.

Mliobaki, niwape ufundi. Ua la kitambaa: unaweka kitu cha mviringo chini ya kitambaa, unakishika kwa juu kama unavyomshika mtoto pua, unafunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kisha unasokota kile kishungi na kukiingiza kwenye mpira huohuo. Ua limechanua. Ukikifungua, kitambaa kiko vilevile. Mto wa kochi: laza kitambaa, weka sufi au matambara katikati, kunja kama unavyofunga vitumbua vya kupeleka shamba, funga pembe mbili kwa fundo, pembe mbili zichomeke ndani. Zulia la mlangoni: chana fulana zilizochoka kuwa tepe ndefu, suka kama nywele za mkia, zungusha, bana. Kitambaa cha nailoni kinachofumuka pembeni unakipitisha juu ya mwali wa mshumaa, haraka, bila kusimama. Mimi nilisimama. Nilikwenda kanisani Jumapili ile na nyusi moja, na mama mchungaji akaniuliza kwa upole kama nimeanza mitindo ya mjini.

Makosa nimeyafanya mengi na yalikuwa matamu. Kuna harusi moja nilihitaji vitu vya mviringo vingi vya kutengenezea maua, na nyumba ile walikuwa wameanika kakao. Nikasema riziki hii hapa. Nikafunga punje za kakao kwenye kila ua, ukuta mzima ukawa bustani, bibi harusi akalia kwa furaha. Asubuhi tulipoingia hapakuwa na ua hata moja lenye kitovu. Panya wa Kyela wametoboa kila moja kwa ustadi, tena wamefuata mstari, kama waliotumwa na mwalimu. Tangu siku hiyo nilikuwa naagiza vijiwe kutoka Matema, vile vya ufukweni vilivyolainishwa na ziwa. Panya hajawahi kuvitamani.

Siku nyingine nilitundika khanga mlangoni kwa mama mmoja aliyekuwa anapokea wageni wa posa. Rangi ilikuwa ya kupendeza sana, rangi nilikuwa naiona, maandishi sikuyasoma. Wageni wakafika, wakasimama nje, wakasoma: UMEKUJA BILA KUALIKWA UTAONDOKA BILA KUAGWA. Nadhani posa ile ilikubaliwa kwa sababu wote walicheka mpaka wakasahau kudai mbuzi wa nyongeza. Lakini nyie kunjeni jina la khanga lielekee ndani. Kila siku hamtapata wakwe wacheshi.

Sasa niwaambie la gundi. Hilo ndilo nililokalia kiti hiki kuwaambia.

Gundi ya mchele ni uji. Unasaga mchele wetu, usichukue mwingine, unachemsha na maji huku unakoroga upande mmoja mpaka uache kuwa mweupe na uanze kung'aa. Unatwanga majani ya mwarobaini, unachuja, unatia yale maji ili mende wasije kula pazia. Unapaka kwa kidole, unabandika, unapiga pasi ya mkaa kwa juu. Kinashika. Kinashika hivi kwamba watu wa mtaani walikuwa wanakuja kuvuta mapazia yangu kwa mikono miwili kujaribu. Wakanisifu. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji; mimi nikawa nazidisha maji kwenye uji, maana ulikuwa unapakika vizuri zaidi ukiwa mwepesi.

Ndipo akaja Atupele.

Atupele alikuwa ameolewa na Ipyana, kijana aliyekuwa anafanya biashara ya kuvuka Kasumulu. Ruksa ilimwendea vizuri, akajenga hapa mjini nyumba ya matofali, bati, sakafu ya saruji nyekundu inayoteleza. Lakini aliyemchorea ramani alikuwa mtu wa mbali. Alimwekea sebule moja kubwa, na kutoka sebuleni kwenda jikoni akaacha uwazi mpana tu, hauna mlango, ili hewa ipite.

Nyie wa leo mnaketi na baba wakwe zenu mnaangalia mpira kochi moja. Enzi zile, kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, haongei naye, jina lake halitaji. Akikutana naye njiani, anaiacha njia, anajifunika khanga kichwani, anachuchumaa kwenye majani mpaka mzee apite. Si chuki. Ni heshima, na mzee naye anaibeba kwa upande wake, anakohoa toka mbali ili binti apate nafasi ya kujificha. Nyumba za zamani zilijua mambo hayo. Nyumba ya Ipyana haikujua.

Kwa hiyo mzee, baba yake Ipyana, mkulima wa kakao na mpunga kule Ngana, hakuwahi kukanyaga nyumba ya mwanawe. Alifika mpaka uani, akatazama ule uwazi, akageuza baiskeli. Mtoto wa kwanza akazaliwa. Mzee akatuma mkungu wa ndizi na kuku, yeye hakuja. Watu wakaanza kusema kwamba nyumba ile haijabarikiwa, na unajua wakisema nyumba wanamaanisha mwanamke.

Atupele alinikuta dukani kwa Bi Zuhura, mtoto mgongoni.

"Mama Lusajo, nitundikie pazia."

"La dirisha gani?"

"Si la dirisha. La baba." Alisema hivyo, akaangalia chini. "Akija akala kwangu, mimi nimeolewa. Asipokuja, mimi ni mgeni tu pale, hata nizae kumi."

Sikucheka. Ni mara chache sana katika kazi hii mtu amenipa kazi nzito namna ile.

Tatizo la kwanza lilikuwa misumari. Ipyana alikuwa amepaka rangi ya kijani iliyomtoa jasho, alisema atakayepigilia msumari ukuta ule ampigilie yeye kwanza. Sawa, nikakata mwanzi, nikaukaza kati ya kuta mbili juu ya ule uwazi mpaka ukalia. Tatizo la pili lilikuwa kitambaa. Nilikuwa na lile pazia jekundu la robota la kwanza, zito, laini, zuri kupita kiasi, lakini upana wake ulitosha ule uwazi kamili, hakuna cha ziada. Bi Zuhura akasema nilifunge kwa mafundo kwenye mwanzi, nusu saa kazi imekwisha.

"Mafundo yanaacha vitundu hapo juu," nikamwambia.

"Vitundu vya kupitisha nini?"

"Jicho."

"Nyie watu," akasema Bi Zuhura. "Kwani wakionana nani anakufa?"

"Hafi mtu, Bi Zuhura."

"Haya. Mwenye nyumba ndiye ajuaye panapovuja."

Kwa hiyo sikufunga. Nilikunja ukingo wa juu ukazunguka mwanzi wote, nikaubandika kwa gundi yangu ya mchele, ile nyepesi, nikapiga pasi. Hakuna tundu. Hata inzi asingechungulia. Kochi nalo nikalivalisha shuka kubwa la maua ya bluu, limechomekwa tu pembeni, na mezani nikaweka maua yenye vijiwe vya Matema. Nilisimama katikati ya ile sebule nikahisi nimepamba ikulu.

Jumapili mzee akaja. Alikohoa tangu barabarani. Ipyana akamwingiza, akamkalisha kwenye kochi la kuangalia pazia, na mimi nikawa upande wa pili na Atupele, maana desturi ilitaka mke apakue kwa mkono wake mwenyewe na mtu mwingine apeleke. Mzee akasalimia kwa sauti iliyoelekea kwetu bila kutaja mtu. Atupele akapiga makofi taratibu, mikono ikiwa imekusanywa, ndiyo salamu yake. Alikuwa amepika samaki mbasa wa nazi na wali wa mchele mpya, kwenye sufuria lile la harusi, na ili nisihangaike na safari za jikoni tukaliweka sufuria juu ya kigoda, pale pale chini ya mwanzi.

Mnaona ilipo shida? Mimi sikuiona. Nilifurahia tu harufu.

Atupele akafunua. Mvuke wa wali wa Kyela ukapanda, mnene, wenye marashi yake, ukaenda moja kwa moja juu kwenye uji mwenzake. Maana gundi ile ilikuwa nini? Wali tu uliokauka. Nao ulipopata joto ukakumbuka kwao. Nikasikia kasauti kadogo, kama mtu anayetoa mguu kwenye tope. Nikainua macho. Kona ya kushoto ikawa imeachia. Nikanyoosha mkono, ikaachia ya kulia, halafu katikati ikaja yote kwa utaratibu, bila haraka, ikatua juu ya kichwa changu na kuniteremkia mpaka miguuni.

Kwa hiyo lililofuata sikuliona lote, sehemu nimehadithiwa na Ipyana. Atupele alisimama pale wazi kabisa, mwiko mkononi, wali ukidondoka, ana kwa ana na baba mkwe wake. Hakuwa na khanga kichwani. Alikuwa ameitumia kushikia sufuria. Na mzee yule wa Ngana, ambaye magoti yake nilidhani ni mabovu kuliko yangu, alipinda mkono nyuma ya kochi, akashika lile shuka la maua ya bluu, akalivuta lote kwa mara moja likachomoka, akajifunika kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

Kama ningekuwa nimelishona shuka lile kwenye kochi, jamani, mzee angejificha wapi?

Mimi najitoa kwenye pazia, Atupele ameshaanguka chini uso sakafuni, Ipyana amesimama mdomo wazi. Ndipo sauti ikatoka ndani ya shuka, sauti ya mtu mzima, ya utulivu:

"Ipyana."

"Naam, tata."

"Mbona hampakui?"

"Tata, pazia... mke wangu..."

"Mimi sijaona mtu," sauti ikasema. "Naona maua ya bluu tu. Leteni wali."

Nikapeleka wali. Naapa nilipeleka. Nilipiga magoti mbele ya kochi lenye viatu, nikaingiza sahani chini ya shuka, mkono ukaipokea. Tukasikia anatafuna. Shuka likawa linapanda na kushuka. Atupele alikuwa amejiviringisha kwenye pazia jekundu pale sakafuni, nami nikadhani analia, nikainama kumtuliza, kumbe anacheka mpaka hana pumzi. Kicheko kikamtoka. Kwa desturi hakutakiwa hata kusikika. Shuka likaacha kutafuna. Halafu nalo likaanza kutikisika, kwanza mabega, kisha tumbo, na mzee akacheka humo ndani kicheko cha punje za wali kooni, ikabidi Ipyana ampige mgongoni kupitia maua.

Alimaliza sahani, akaomba nyingine. Alipoondoka, alitoka na shuka lake kichwani, Ipyana amemshika mkono kama bibi harusi, mpaka uani. Majirani waliokuwa wanasubiri kuona kama mzee ataingia walimwona akitoka, na hawajui mpaka leo walichokiona. Lakini alikuwa amekula. Atupele alikuwa ameolewa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumatatu nilirudi na waya na pete za pazia, Ipyana mwenyewe akaomba misumari. Lile jekundu nililifua, likarudi kuwa kitambaa kizima, likakaa kwenye sanduku la Atupele. Mzee akawa anakuja, anakohoa, anakula. Miaka ikaenda. Bi Zuhura akapumzika, Mungu amrehemu, na fimbo yake ya kupimia ninayo mimi. Mapazia yaliyoshonwa tayari yakaanza kuja kutoka Dar, ya kung'aa, na kazi yangu ikapungua, nikawa naitwa na wale wasiotaka kuwa na sebule kama ya jirani.

Siku moja Ipyana akaja kuniita. Baba yake alikuwa mgonjwa, kifua, wamemleta mjini awe karibu na hospitali. Kitanda kiliwekwa sebuleni. Watoto walikuwa bweni, Ipyana mpakani kutwa, kwa hiyo mchana wote nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, na pazia katikati. Atupele alikuwa anausukuma uji chini ya pazia, anapiga makofi, anarudi nyuma. Mzee anakula. Akimaliza anagonga kijiko kwenye bakuli, ndiyo asante yake. Waliishi hivyo, na Atupele aliniambia jikoni kwamba alikuwa ameshajifunza kujua kwa mlio wa kijiko kama mzee ameamka vizuri au vibaya.

Nikaenda kitandani. Alikuwa amekwisha mwili, macho yaleyale.

"Mwagonile, tata."

"Ndaga, Mama Lusajo. Hilo pazia la pete silitaki. Niwekee lile la uji."

"Tata, lile lilianguka."

"Najua. Nilikuwepo."

Alipumzika kwanza.

"Mwanamke huyu amenipikia miaka yote hii," akasema. "Naujua wali wake, naijua mikono yake. Siku ile nilimwona kidogo sana, nilikuwa na haraka. Mimi siwezi kuvunja mwiko wa baba zangu, na yeye hawezi. Pazia likianguka, limeanguka."

Nilikwenda jikoni nikasaga mchele. Atupele akaniuliza ninapika nini, nikamwambia gundi. Akaenda kwenye sanduku lake, akanipa lile jekundu. Nilitengeneza uji mwepesi kuliko wowote niliowahi kutengeneza, wa aibu kabisa, ambao nyie msiutumie kwa kazi yoyote. Nikatoa la pete, nikaukaza tena mwanzi, nikakunja, nikabandika, sikupiga pasi.

Na lile pazia, wanangu, likakataa kuanguka.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, hewa kavu, upepo wa ziwani umenikaushia uji wangu ukawa saruji. Atupele akaleta uji wa moto. Pazia kimya. Akasogeza bakuli, akapiga makofi, mzee akala, akagonga kijiko. Mimi nimekaa pembeni, upande wa Atupele, nimeshika mdomo. Baadaye sauti ikatoka kitandani, imeelekezwa kwangu kwa adabu:

"Mama Lusajo, naomba chai. Ya moto."

Chai ikaja, ikapita. Pazia kimya.

"Naomba na maji ya kunawa. Ya moto zaidi."

Maji yakaja. Hapo Atupele alikuwa ameshajua wazi kinachotakiwa, maana alianza kutikisika mabega yaleyale ya siku ile. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria la harusi, lina wali unaochemka, kwa watu watatu ambao mmoja wao hana nguvu ya kula vijiko vitano. Akaliweka juu ya kigoda chini ya mwanzi. Akaivuta khanga yake ikae sawa kichwani, akaipangusa sura yake kwa upindo, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Akafunua.

Mvuke ukapanda. Nikasikia kale kasauti. Kona ya kushoto, kona ya kulia, halafu katikati, taratibu, mpaka chini.

Shuka la maua ya bluu lilikuwa kitandani kwa mzee, limemfunika mpaka kifuani. Aliliangalia. Mkono wake ukaenda kwenye upindo wake, nami nikadhani atalivuta. Akalishusha kidogo, likae chini ya kidevu vizuri.

Atupele alikuwa amepiga magoti pale pale, mwiko mkononi, uso wazi, machozi na kicheko vimechanganyika hata nisingeweza kukwambia kipi ni kipi. Mzee alimtazama bila haraka, kama mtu anayesoma.

"Leo," akasema, "namwona mtu."